Ufundi wa Kuuzuia Mkono

Kulea tarantula ni kazi ya mtu mwenye subira, nami naisifu bila kusita. Buibui huyu hapapaswi, hafundishwi, wala hamjui anayemlisha. Mlezi wake huambulia jambo moja tu, nalo ni kubwa: kushuhudia uhai usiomtegemea wala kumbembeleza.

Sisi wa Pwani tunaye wa kwetu, Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na mwanazuolojia Pocock mwaka 1897. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humnadi kwa majina ya Mombasa na Usambara. Wako wa kijivu, na wako wenye rangi ya chungwa lililoiva. Hana zile nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa Amerika humrushia adui. Kinga yake ni mbio na chonge. Akimuuma mtu, maumivu ni makali na misuli hukakamaa. Kwa hiyo somo la kwanza ni kutomshika.

Kizimba chake hakina makuu: makumbi ya nazi yaliyosagwa, makavu, ya kina cha kuchimbika, gome la kujifichia, kifuniko cha chupa chenye maji, matundu ya hewa. Nyumba huimalizia mwenyewe kwa utando.

Umahiri hujulikana anapokaribia kujivua gamba. Huacha kula, pengine kwa majuma mengi. Asiyejua huingiwa na hofu akazidi kumtupia nyenje. Fundi huwatoa wote, maana nyenje mmoja mwenye njaa aweza kumtafuna buibui aliyelala chali akiichomoa miguu yake minane, taratibu, kutoka ndani ya gamba kuukuu. Chonge mpya hutoka nyeupe na laini, hazitoboi kitu mpaka zikomae na kuwa nyeusi. Hapo mlezi hungoja tena. Gamba lenyewe halitupwi: likilowekwa na kukunjuliwa, upande wake wa tumbo humwonyesha mjuzi kama ni dume au jike. Jike aweza kuishi zaidi ya miaka 10. Dume akishapevuka, siku zake ni chache.

Ufundi huu wa kuuzuia mkono hauishii kizimbani: wavuvi wa Kuruwitu, katika pwani ya Kenya, wanaujua kwa njia ya bahari. Uvuvi uliopita kiasi, pamoja na ukusanyaji wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi ya mapambo, ulikuwa umeichosha miamba yao. Mwaka 2003 walianzisha chama chao, na 2005 wakatenga hekta 30 hivi zisivuliwe kabisa. Kwa anayekula kwa nyavu, kuacha kuvua ni kazi nzito kuliko kuvua. Samaki walirudi.

Ndiyo maana nakusihi, msomaji: ukimkuta buibui huyu kwenye tundu lake porini, mwache. Ukitaka kufuga, ulizia kwanza kibali kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS), kisha tafuta aliyezaliwa kizimbani. Jike mmoja hutotoa watoto kwa makumi.