Ugonjwa wa Mstari Mmoja

Kati ya magonjwa yote ya runinga za chogo, ninaopenda zaidi kuutazama ukitibiwa ni ule wa mstari mmoja. Umeme upo, sauti ipo, lakini kioo kizima ni giza isipokuwa mstari mweupe uliokikata katikati, kushoto hadi kulia. Fundi mmoja wa Lisekese, Masasi, haanzi kwa kufungua kifuniko. Kwanza anawahi kupunguza mwanga, maana mstari ule ukiachwa uwake kwa ukali wake wote unaunguza unga uliopakwa ndani ya kioo, na kovu lake halifutiki. Mama aliyeteremka na basi la Newala, runinga yake imefungwa kanga, anauliza kama imekufa.

"Hapana mama. Inachora bado, ila haiwezi kupanda wala kushuka."

Jibu hilo ni sahihi kabisa. Picha ya chogo huchorwa. Miale ya elektroni hutoka shingoni na kupiga kioo, na koili zilizovishwa shingo hiyo huivuta: hizi kushoto na kulia, zile juu na chini. Kwa mfumo wetu picha moja ni mistari 625, na kwa sekunde moja huja picha 25. Mistari ya witiri hutangulia, ya shufwa ikafuata kujaza mianya, na jicho huona kitu kimoja kilichotulia.

Ustadi huo ni wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1926 John Logie Baird alionyesha jijini London sura za watu kwa sahani yenye matundu inayozunguka, mistari 30 tu. BBC ilipoanza matangazo ya kawaida Novemba 2, 1936, pale Alexandra Palace, mifumo miwili ilipewa zamu. Wa Baird ulikuwa na mistari 240, na kwa sehemu kubwa ya vipindi ulipiga filamu kwanza, ukaisafisha kwa muda wa dakika moja hivi na kuisoma ingali mbichi. Sijui kama kuna kazi ya mkono iliyofanywa kwa haraka na uangalifu kuliko hiyo. Ule wa kampuni za Marconi na EMI, chini ya Isaac Shoenberg, ulikuwa na mistari 405 ya witiri na shufwa, nao ndio uliobaki mwaka 1937. Vita vikazima kila kitu Septemba 1, 1939. Alan Blumlein, mmoja wa vichwa vya kundi la Shoenberg, alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1942 akifanyia majaribio rada.

Fundi wetu sasa amefungua. Bisibisi aliyoifunga waya, ncha ya pili ikiwa kwenye wavu wa arthi wa chogo, anaipenyeza chini ya kofia ya mpira. Tak! Umeme wa maelfu ya volti uliokuwa umejificha umetoka. Kisha anaiinua bodi, anaipiga tochi kwa ubavu, na kuzungusha kichwa polepole. Mwanga wa moja kwa moja hauonyeshi kitu. Wa ubavuni unaonyesha vijiduara vyembamba kama unywele kuzunguka miguu ya IC ya wima, ile inayoendesha koili za juu na chini. Risasi imepasuka kwa kupata joto na kupoa miaka yote hii. Hapachiki risasi mpya juu ya ile ya zamani. Anaivuta yote, anausafisha kila mguu, ndipo anachomelea upya, mmoja mmoja.

Picha ikirudi, bado hafungi. Anaiacha iwake mpaka ipate moto sawasawa, kwa sababu ufa mwingine hujitokeza kwenye joto tu. Inapitia king'amuzi siku hizi: matangazo yanafika kwa dijitali, king'amuzi kinayarudisha kuwa mistari 625, na chogo kinaipokea kwa waya wa njano na kuendelea kuchora.