Tatoo na saratani ya limfu: ile 21% inasema nini hasa?

Kama una tatoo, huenda umeshatumiwa ile habari kwamba inaongeza hatari ya saratani kwa 21%. Habari hiyo haikutoka hewani. Chanzo chake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la eClinicalMedicine. Utafiti wenyewe si mbaya. Shida ni jinsi ulivyosimuliwa.

Tuanze na walichofanya. Walichukua watu wa miaka 20 hadi 60 waliogundulika kuwa na limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, wakawalinganisha na wasio na ugonjwa wa umri na jinsia ileile. Wote walitumiwa dodoso. Kati ya wagonjwa 1,398 waliojibu, 21% walikuwa na tatoo. Kati ya wenzao 4,193, walikuwa 18%. Baada ya kuzingatia mambo kama uvutaji sigara na elimu, hatari ilionekana kuwa juu kwa 21%.

Sasa twende taratibu. Kwanza, 21% ya nini? Tuseme, kwa mfano tu, watu 20 kati ya 100,000 wasio na tatoo wanapata ugonjwa huu kila mwaka. Ukiongeza 21% unapata kama 24. Ni wanne zaidi kati ya laki moja. Kichwa cha habari hakikukuambia hivyo, si ndiyo?

Pili, makadirio hayo yana kingo: 0.99 chini na 1.48 juu, ambapo 1 maana yake hakuna tofauti yoyote. Kwa hiyo takwimu hizi zinaruhusu ongezeko la karibu nusu, na pia zinaruhusu kusiwe na ongezeko kabisa.

Tatu, na kwangu hili ndilo zito: kama wino ndio mkosaji, mwenye mgongo mzima uliochorwa angekuwa hatarini kuliko mwenye kipepeo kidogo kifundoni. Hawakuona hivyo. Tena hatari ilikuwa juu zaidi kwa waliochora chini ya miaka miwili kabla, ikashuka, kisha ikapanda tena baada ya miaka 11. Kwa ugonjwa ambao kwa kawaida huchukua muda kujijenga, mpangilio huo ni mgumu kuuelezea.

Je, tuutupe utafiti? Hapana. Swali lao ni la msingi. Wino haukai tuli kwenye ngozi: seli za kinga huumeza, na sehemu yake husafiri hadi kwenye tezi za limfu na kubaki humo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022, umezuia au kuwekea kikomo maelfu ya kemikali katika wino wa tatoo. Lakini dodoso halipimi wino. Kujua kilichomo kwenye chupa ni kazi ya maabara, na utafiti huu haukuifanya.

Kinachoniudhi ni kwamba kelele za 21% zinafunika hatari ambazo hazina ubishi. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuachia homa ya ini aina ya B au C. Na huku pwani kuna piko, ile "hina nyeusi" ya harusini na ya watalii ufukweni. Mara nyingi weusi wake unatoka kwenye PPD, kemikali ya rangi ya nywele. Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kisichozidi 2%, na hairuhusu ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja, rangi ya nywele ya miaka ijayo inaweza kukuletea balaa lilelile.

Basi ukiwa na tatoo tayari, utafiti huu haukupi sababu ya kukosa usingizi. Uvimbe wa tezi usioisha mpeleke kwa daktari, uwe na tatoo au usiwe nayo. Na kama ndiyo kwanza unataka kuchora, dai sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako na wino umiminwe kwenye kikopo kipya. Fundi akikunja uso, ondoka zako.