Subira na Unyenyekevu katika Fasihi ya Ushuhuda

Fasihi ya Kikristo kwa Kiswahili ni shamba ambalo wahakiki wetu wamezoea kulipita pembeni. Tenzi za Kiislamu za pwani zimechambuliwa sana, na ndivyo zinavyostahili. Marehemu Mathias Mnyampala alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu, lakini aghalabu hutajwa kwa ngonjera zake kuliko kwa kazi hiyo. Ama ushuhuda, yaani masimulizi ya mtu aelezaye jinsi imani ilivyombadili, ni nadra hata kuhesabiwa kuwa utanzu. Kwa maoni yetu ni utanzu kamili: una kanuni zake, una hadhira kubwa, na una udhaifu ambao hauna budi kusemwa.

Twaandika kutoka Masaka. Hatusemi Masaka ya Buganda, bali ile ya wilaya ya Kicukiro, pembezoni mwa jiji la Kigali. Barabara kuu iendayo mashariki hufika Rwamagana, kisha Kayonza. Na mtu akikata kaskazini kutoka hapo, haendi mbali kabla ya kuliona ziwa Muhazi na kilima cha Gahini. Daktari Mwingereza Joe Church alifika Gahini mwaka 1928 kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Mwaka 1929 alikutana huko Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini hata alipofariki mwaka 1936. Kutokana na watu hao na wenzao ulianza Uamsho ambao katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka kuingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Gahini watu waliungama kwa lugha za huko. Lakini kadiri Uamsho ulivyosafiri, ndivyo Kiswahili kilivyozidi kuwa chombo chake, na ushuhuda ukapata sura tunayoijua.

Sura hiyo mwalimu wa sarufi huitambua mara moja, kwa maana imejengwa juu ya njeo tatu. Nilikuwa mkali, nilikuwa mwizi, nilimchukia jirani. Nikasikia Neno, nikaungama. Sasa nimekuwa mvumilivu, mnyenyekevu na mwenye upendo. Sehemu ya -li- huwa na utajiri: tunaiona chupa, tunamsikia mke akilia, tunaijua hata bei ya ng'ombe aliyeibwa. Sehemu ya -ka- ni fupi na yenye nguvu. Tukifika kwenye -me- masimulizi hukauka ghafula. Mlevi tulimwona kwa macho. Mvumilivu tunaambiwa tu kwamba yupo. Subira, ambayo kwa asili yake hukua polepole, inaelezwa kana kwamba ilipokelewa siku moja kama barua ya posta. Na unyenyekevu una shida kubwa zaidi, kwani mtu asemaye mbele ya mkutano kwamba amenyenyekea amekwisha kuinua kichwa.

Je, kosa ni la lugha? Sehemu yake, naam. Kiswahili huunda uvumilivu kutokana na kuvumilia, na unyenyekevu kutokana na kunyenyekea. Vitenzi vyote viwili huelekea nje: mtu huvumilia kitu, humnyenyekea mtu. Mwanafunzi wetu wa Masaka huja darasani na mizani nyingine. Kwake subira ni kwihangana, kitenzi chenye kiambishi cha kujirejea, sawa na -ji- yetu, nacho chatokana na guhangana, yaani kushindana au kukabiliana. Basi mwenye subira ni mtu anayekabiliana na nafsi yake mwenyewe. Ihangane ndilo neno la kumpa mfiwa, mahali ambapo sisi tungesema pole. Unyenyekevu nao ni kwicisha bugufi, na humo bugufi ni jamaa wa -fupi yetu: mtu hujishusha mwenyewe, hashushwi. Wanaodhani kwamba Kinyarwanda ni kikwazo tu kwa mwenye kujifunza Kiswahili wangefaa kulitafakari jambo hili.

Mfano mwingine ni kuvunjika. Zaburi ya 51 huusifu moyo wenye kuvunjika, na watu wa Uamsho walilishika wazo hilo kama nguzo: asiyevunjika hawezi kunyenyekea. Lakini katika Kiswahili cha kila siku aliyevunjika moyo amekata tamaa. Mtoa ushuhuda asipofafanua, nusu ya hadhira humwonea huruma badala ya kumfurahia.

Hata hivyo lugha si kisingizio, kwa sababu wako waliofaulu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu Tanganyika na kukijua vema Kiswahili, alikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo kwa Kiingereza kilikuwa na jina lililowashtua wengi, kwani kilitangaza kumpenda Idi Amin. Nguvu ya masimulizi yake, kwa jinsi tunavyoyasoma, haiko katika tangazo hilo. Iko pale anapokiri kwamba yeye, askofu aliyehubiri wokovu kwa miaka mingi, aliikuta chuki moyoni mwake na kuona kwamba hana budi kusamehe. Hapo -li- imeingia baada ya -me-. Mtu aliyeokoka zamani anaonekana bado akikua.

Sasa tunafika mahali pagumu, na mhakiki aandikaye Rwanda hana ruhusa ya kupakwepa. Nchi iliyouzaa Uamsho, nchi ambayo idadi kubwa ya watu wake walikuwa Wakristo, ilishuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa, kama ilivyokuwa Nyamata na Ntarama. Si kazi yetu kuyahukumu makanisa katika kurasa za walimu wa lugha. Lakini swali la fasihi lipo. Ushuhuda uliwafundisha watu kuungama ulevi, wizi, uzinzi na ugomvi wa nyumbani. Ni mara ngapi uliwafundisha kuungama dharau ya kabila kwa kabila, wakati ambapo utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiiandika kabila hiyo katika vitambulisho? Upendo uliotajwa daima bila kutajwa nani anayependwa ulibaki neno tupu kwa wengi.

Tuchukue basi maandishi ambayo si ya Uamsho kabisa. Felicitas Niyitegeka, Mkatoliki wa Gisenyi, aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua fupi akikataa kuwaacha, akachagua kufa pamoja nao. Aliuawa mwezi wa Aprili 1994, na leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa daraja la Imena. Katika jibu hilo hajiiti mvumilivu wala mnyenyekevu, na upendo wake una watu ndani yake: wale waliomo nyumbani, na hata kaka anayejibiwa.

Tulipolijadili jibu hilo pamoja na wanafunzi, mmoja alitaka kulifafanua kwa methali ya mvumilivu kula mbivu. Wenzake walinyamaza. Methali hiyo humwahidi mwenye subira ujira, na Felicitas hakuahidiwa kitu katika dunia hii. Tukajaribu neno saburi, ambalo Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imelipenda. Likaonekana zito, lakini la mbali. Tukajaribu kuvumilia, likawa dogo mno. Mwishowe ubaoni palibaki kwihangana, bila tafsiri.