Mizizi ya Romanée-Conti na Dawa Iliyoihifadhi

Katika kijiji cha Vosne-Romanée, jimboni Burgundy nchini Ufaransa, liko shamba la mizabibu lisilotimia hekta mbili, ambalo zamani lilikuwa milki ya watawa wa Saint-Vivant, na mwaka 1760 likanunuliwa na mtukufu wa ukoo wa Bourbon, Prince de Conti. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, likanyang'anywa na kupigwa mnada kwa jina la Romanée-Conti, na mwaka 1869 likaingia mikononi mwa Jacques-Marie Duvault-Blochet, ambaye kizazi chake kingali na sehemu ndani yake hata leo. Habari hizo zimeelezwa mara nyingi. Lililonivuta mimi ni jambo la ufundi: kwa tadbiri gani shamba hili liliendelea kusimama juu ya mizizi yake ya asili hadi mwaka 1945, ilhali Ufaransa karibu yote ilikwisha kuiacha mizizi ya namna hiyo?

Adui alikuwa kidukari mdogo aitwaye filoksera, aliyeletwa na miche kutoka Marekani, ambaye mtaalamu wa mimea Planchon na wenzake walimwona mwaka 1868 katika mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikifa upande wa kusini, na ambaye mwaka 1878 alibainika Meursault, mwendo mfupi tu kutoka Vosne. Hufyonza mizizi, na majeraha yake huvimba, yakaoza, mti ukafa kwa kukosa chakula. Mizabibu ya Marekani, kwa kuwa imeishi pamoja naye tangu azali, humhimili. Ndiyo maana wataalamu walishauri mzabibu wa Ulaya ubebeshwe juu ya shina la Kimarekani, na mwaka 1887 ruhusa ya kufanya hivyo ikapatikana Burgundy. Wengi waliipokea kama faraja. Wenye Romanée-Conti waliikataa, wakichelea kuwa mizizi ya kigeni ingeibadili ladha ya divai yao.

Dawa waliyoishika ilikuwa disulfidi ya kaboni, kiowevu chepesi kugeuka mvuke, chenye sumu na kinachoshika moto kwa cheche ndogo. Mtu alibeba chombo mfano wa mkuki mnene wenye hazina ya dawa juu yake. Aliuchomeka ardhini kwa kuukanyaga kwa mguu, akasukuma mpini ili kipimo kilichowekwa kimiminike chini, kisha akauchomoa na kuliziba tundu upesi kwa kisigino, asije akaupoteza mvuke hewani. Mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, ulishuka na kuenea baina ya chembe za udongo, ukamfisha mdudu pale pale alipojificha. Kipimo kikizidi, mzabibu wenyewe hufa. Kikipungua, kidukari husalimika. Na udongo ukilowa mno, mvuke haupiti. Fauka ya hayo, dawa haikuponya kamwe: ilimpunguza adui, naye akazaana tena, ikalazimu kazi irudiwe. Gharama kama hiyo haikuweza kuhimiliwa na mkulima wa divai ya kawaida, bali na shamba ambalo kila chupa yake ilikuwa na thamani kubwa.

Sehemu ya pili ya ufundi ni ya kale kuliko dawa. Mzabibu ulipozeeka au jirani yake alipokufa, tawi lake lilishushwa katika kihandaki na kufukiwa, ncha ikiachwa nje. Tawi likatoa mizizi, likawa mti mpya wenye asili ile ile, pasipo kupandwa mche wowote. Kwa njia hiyo shamba lilijirithi lenyewe, na miti ikaota ovyo bila safu, kiasi kwamba kulima kwa farasi kulikuwa taabu na jembe la mkono likawa sharti.

Basi mtu akitazama vizuri ataona kwamba mbinu hii yote ilitegemea dawa na mikono ya watu, navyo vyote viwili vilipungua Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia. Mizabibu ikadhoofika; baridi kali ya majira ya kuchipua ya mwaka 1945 ikaipiga; mavuno ya mwaka ule yakatoa chupa takriban 600 tu, na baada yake miti yote ikang'olewa. Moja ya chupa hizo iliuzwa New York mwaka 2018 kwa dola 558,000.

Sioni haki kuwaita wakaidi wenye shamba waliosubiri hivyo. Kwa zaidi ya miaka hamsini waliihifadhi mizizi ambayo kwingine ilikwisha kutoweka, tena walipoacha, waliacha kwa utaratibu. Mwaka 1947 walipanda upya, wakichukua vipandikizi kutoka La Tâche, shamba lao jingine lililotengwa na hili kwa ukanda mwembamba wa La Grande Rue, na safari hii vilibebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani. Kuanzia mavuno ya 1946 hadi ya 1951 hakuna divai hata chupa moja iliyotolewa kwa jina la Romanée-Conti. Jina hilo lilirudi kwa mavuno ya 1952.