Kupima Picha ya Nebula: Mwongozo kwa Anga la Rusizi

Picha ya nebula au galaksi hupimwa kwanza kwa nyota zake, wingu lenyewe baadaye. Wekundu wa Nebula ya Jabari (Orion) humvutia kila mtu, na programu yoyote ya simu inaweza kuukoleza. Nyota ni ngumu zaidi kughushi. Mpimaji huikuza picha mpaka pikseli zianze kuonekana, akaanzia katikati, kisha akapita pembe zote nne. Nyota zikiwa ndogo na za duara kila mahali, kazi ilifanywa kwa makini. Zikirefuka zote upande mmoja, stendi haikulifuata anga sawasawa, au upepo uliitikisa. Zikirefuka pembeni tu, zikielekea nje, kosa ni la lenzi au la umbali kati yake na kamera. Pembe moja peke yake ikiharibika, kamera ilifungwa ikiwa imeinama. Nyota zilizovimba na kutoboka katikati hutoka kwenye darubini ya kioo ambayo fokasi yake haikukamilika, na hilo halina dawa baadaye.

Kwa picha zilizopigwa Rusizi, kipimo hiki cha nyota kina uzito wa pekee. Mji wa Kamembe, ulio Rusizi, uko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Faida yake ni kubwa: karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu ya mji huo. Hasara huipata stendi. Kutubu, nyota ya kaskazini ambayo mtazamaji wa Ulaya huielekezea mhimili wa stendi yake kwa dakika chache, haionekani hapa, na ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi 2.5 tu juu ya upeo, palipo na vilima na ukungu. Hubaki njia ya polepole: kuangalia nyota moja iliyo karibu na ikweta ya mbingu inavyohama ndani ya darubini, kurekebisha, na kuangalia tena, au kuiachia kompyuta ilinganishe picha na ramani ya nyota. Isitoshe, stendi nyingi hazikutengenezwa kulala chini kiasi hicho, na chuma cha kubebea uzani hugonga mguu. Nyota za duara katika fremu ya dakika tano kutoka hapa zinastahili alama zaidi kuliko zilezile kutoka Ufaransa.

Baada ya nyota, jicho huenda kwenye sehemu tupu za anga. Anga jeusi tititi huwapendeza wanaoanza, lakini mara nyingi ni ushahidi kwamba mwanga hafifu ulikatwa pamoja na chenga, yaani vidoa vinavyotokana na kamera yenyewe. Usuli mzuri ni wa kijivu iliyoiva, usioegemea rangi yoyote. Pete hafifu za kivuli ni vumbi ambalo lingeondolewa kwa fremu za mwanga sawa, zinazopigwa kwenye uso mweupe ulioangazwa sawasawa. Michirizi ya chenga inayolalia upande mmoja inaonyesha kwamba darubini haikusogezwa kidogo kati ya fremu. Kisha kuna mng'ao wa taa. Taa za Bukavu huangaza upande wa magharibi, na usiku usio na mwezi, ule ule anaoutaka mpiga picha, ndio wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, huwasha taa zao ziwani. Upande wa mashariki, kwenye msitu wa Nyungwe, ni giza, ingawa mawingu hupenda kujikusanya huko. Kwa hiyo kikundi cha wapiga picha chenye busara hupiga kitu kikiwa bado kinapanda mashariki. Mng'ao uliofutwa na programu kwa nguvu huondoka na kingo za nebula.

Rangi hupimwa kwa nyota zinazojulikana. Antares ni ya machungwa, Rigel ni nyeupe yenye ubuluu, na hakuna nyota inayoonekana ya kijani kwa jicho la binadamu. Nyota zote zikiwa nyeupe, vitovu vyake viliungua. Wekundu wa nebula hutoka kwenye hidrojeni, katika nanomita 656, na kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Waridi hafifu kutoka kamera kama hiyo si kasoro, ni ukweli wa chombo.

Nebula ya Jabari ni mtihani mzuri wa kitovu: nyota nne za Trapezium zionekane zimetengana, na mabawa ya nje ya wingu yabaki. Hilo huhitaji fremu fupi na ndefu pamoja. Pete nyeusi kuzunguka nyota humaanisha picha ilinolewa kupita kiasi. Programu mpya za kunoa zina hatari zaidi, kwa kuwa huweza kuchora nyuzi za gesi zisizokuwepo. Dawa ni kulinganisha na picha ya darubini nyingine.

Hapo ndipo kazi ya pamoja inapoonyesha thamani yake. Ili chenga zipungue kwa nusu, muda wa kupiga lazima uongezwe mara nne, na nje ya kiangazi cha Juni hadi Agosti usiku usio na mawingu ni adimu. Darubini tatu zikielekezwa kitu kimoja hukusanya kwa usiku mmoja kile ambacho moja ingekitafuta kwa usiku tatu. Swali la kukiuliza kikundi ni: fremu ngapi zilitupwa? Wasiotupa hata moja, kwa kuoneana haya, huharibu nyota za wenzao. Mwaka 2022 Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner, wote si wanaastronomia wa kazi, waligundua tao la oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda baada ya zaidi ya saa 100 za picha. Liliaminika kwa sababu vifaa vya watu wengine, mahali pengine, vililiona pia.

Mpimaji wa haki huangalia pia urefu wa kitu angani. Kitovu cha Wingu Kubwa la Magellan hakipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi hapa, na mwanga wake hupita katika hewa mara mbili na nusu ya ile ya utosini.  Nebula ya Lagoon, inayofika nyuzi 68 mwezi Julai, haina kisingizio hicho.

Wasio na kamera, wanaochora wanachokiona, hupimwa kwa daftari. Nicolas-Louis de Lacaille, akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliorodhesha vitu 42 vya anga la kusini kwa vyombo vidogo mno. Mchoro mzuri hufanywa baada ya macho kuzoea giza kwa nusu saa, chini ya taa nyekundu, kabla mchoraji hajaona picha ya kitu hicho. Huandikwa saa, hali ya hewa na ukuzaji, na pia kile kilichotafutwa kikakosekana.