Mizani ya Riziki

Alasiri za kaskazi, vyombo vinaporejea ufukweni Malindi na dalali akaisha kunadi changu na tafi, fedha hugawanywa kwa mafungu: la chombo kwanza, la nyavu likafuatia, ndipo mabaharia wakagawana lililosalia. Kila niutazamapo ugawaji huo humkumbuka Robert Gibrat, mhandisi Mfaransa, aliyebainisha mnamo 1931 ya kwamba bahati humzidishia mtu kwa kadiri ya alichonacho, wala haimwongezei sawasawa na jirani yake. Hivyo upepo ule ule uliompa baharia kitoweo humtajirisha mwenye vyombo 3.

Ukiwapanga watu kwa mapato yao, basi, utaona kilima kilichoegemea upande wa mafukara, chenye mkia mrefu kuelekea kwa matajiri. Lakini mwanahesabu ayageuzapo mapato hayo kuwa logi, kuzidisha huwa kujumlisha, na kilima kile kikakaa wima, pande zake zikilingana. Nami sijui nakshi ya mlango wa Lamu inipendezayo kuliko ulinganifu huo. Ncha ya mkia peke yake hukataa kutii, nayo ina kanuni yake, aliyoigundua Vilfredo Pareto tangu karne ya 19: logi ya idadi ya matajiri hushuka kwa mstari ulionyoka kadiri logi ya pato inavyopanda.

Naisifu sanaa hii ya kuyapima mapato kwa insafu yake, kwa kuwa haikubali kumfunika mtu kwa wastani. Jumlisha pato la mwenye hoteli Watamu na la mama achomaye makaa Ganze, ugawe kwa 2, nawe utampata mtu asiyekuwako katika kaya yoyote ya Kilifi, kaunti iliyohesabiwa watu 1,453,787 mwaka 2019.

Na insafu hiyo huanzia mkekani, karani wa takwimu aketipo kuihoji kaya. Utafiti wa kitaifa wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliendeshwa kwa miezi 12, ili hata kusi, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani na sufuria ni nyepesi, isipotee hesabuni. Karani huuliza vyakula vya siku 7 zilizopita: unga kiasi gani, mchicha, ng'onda. Mama ajibupo kwamba nazi hakununua, zilianguliwa kutoka mnazi wa uani, karani stadi hapiti. Huuliza zilikuwa ngapi, na sokoni leo nazi moja ni shilingi ngapi, akaziandika, ijapokuwa hapana senti iliyopita mkononi.