Mkeka wa Buti Sharti Utoke: Uchambuzi wa Kazi Moja ya Migori

Samaki husafiri na maji yake. Kreti ya ngege inayotiwa barafu alfajiri mjini Homa Bay hufika Migori barafu ikiwa imepungua, na kilichopungua hakijaenda popote: kimekuwa maji yenye damu, ute na mafuta ya samaki, nayo yanatafuta pa kutokea. Yakifika kwenye sakafu ya buti hupenya chini ya kapeti, huingia kwenye maungio ya bati na kutulia ndani ya shimo la tairi la akiba. Hapo ndipo gari huanza kuliwa, huku mwenyewe akiona juu pakavu.

Ndiyo maana kazi ya kuweka mkeka wa buti, ambayo wengi huiona ni ya urembo, katika kaunti hizi mbili za kando ya Ziwa Viktoria ni kazi ya kulinda mtaji. Niliyoichambua hapa ilifanyiwa Toyota Probox ya mama mmoja anayenunua samaki Homa Bay na kuwauza Migori mjini. Aliyeifanya ni fundi wa viti na maturubai, chini ya kibanda cha jua kali. Msimamo wangu nautanguliza: mkeka unaolinda bati ni ule unaotoka kwa urahisi. Ubora wa kazi hii ulitokana na fundi kulishika hilo tangu kipimo cha kwanza.

Gari na mzigo wake

Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, ikirithi nafasi ya Corolla Van. Buti lake ni refu, na kiti cha nyuma kikilazwa sakafu huwa karibu tambarare hadi nyuma ya viti vya mbele. Toleo la mizigo lilipangiwa kilo 400 likiwa na watu wawili, na kilo 250 likijaa watu watano. Ni vyema kuzikumbuka namba hizo, kwa sababu maji na barafu ni mzigo pia, na raba nzito ya sakafuni ni mzigo.

Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika mradi umri wake usizidi miaka 8. Kwa hiyo Probox nyingi zinapofika hapa zimeshafanya kazi miaka kadhaa kwingine, na baadhi zimetoka mikoa ya kaskazini ya Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Kutu inaweza kuwa imeanza chini ya gari kabla halijaonja barabara ya Rongo, kati ya Homa Bay na Migori.

Mizigo ya huku nayo haifanani. Omena mkavu humwaga vumbi na magamba yenye mafuta. Viazi vitamu vya Kabondo huja na udongo unaosugua rangi kila gari linapotikisika. Mahindi yanayopita Isebania huacha punje zinazoota kwenye pembe zenye unyevu. Lakini mzigo unaoamua mkeka uweje ni samaki wa barafu. Mkeka unaomudu samaki utamudu hivyo vingine vyote.

Bati kabla ya mkeka

Sehemu kubwa ya kazi haionekani ikikamilika. Fundi alianza kwa kutoa kila kitu: kapeti, ubao wa sakafu, jeki na tairi la akiba. Ndani ya shimo la tairi palikuwa na maji. Kizibo cha mpira kilichopo chini ya shimo hilo kilikuwa kimeganda kwa uchafu. Alikichomoa, akasafisha tundu na kuyaacha maji yatoke.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi, gari halina cha kuogopa. Kutu haihitaji bahari. Inahitaji chuma, maji na hewa, na chumvi huiongezea kasi tu. Kapeti iliyolowa maji ya samaki hulipa bati unyevu mchana na usiku, huku hewa ikipita kwenye nyuzi zake. Hapo kutu imepata kila inachotaka.

Buti lilioshwa kwa sabuni, likaachwa wazi juani hadi maungio yakauke. Kisha fundi aligonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, kipande baada ya kipande. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililoliwa hutoa sauti butu na huweza hata kubonyea. Hapa palikuwa na kutu ya juu tu, karibu na shimo la tairi. Aliikwangua kwa brashi ya waya na msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na baada ya kukauka akapaka rangi ya kumalizia. Kama bati lingekuwa limetoboka, kazi ingepaswa kusimama hapo na gari liende kwa fundi wa kuchomelea. Mkeka juu ya bati lililotoboka huficha ugonjwa na hautibu.

Kapeti ya zamani haikurudishwa. Chini ya mkeka wa samaki kitu chochote kinachonyonya maji ni adui, kiwe kapeti, sponji au gunia.

Umbo: kwa nini mstatili

Huko Marekani kampuni kama WeatherTech hupima sakafu ya gari kwa leza na kufinyanga trei inayokaa kwenye kila mkunjo wa gari husika. Probox haikuuzwa Marekani, na mwenye gari la kubeba samaki Migori anahitaji kitu kinachoweza kukatwa, kushonwa na kurekebishwa mjini hapo hapo. Swali likabaki la umbo: je, mkeka uzunguke kila pembe ya buti, au uishie katikati ya nundu mbili za magurudumu?

Mama alitaka ujae hadi kwenye kuta.

“Fundi, mbona huku pembeni unapaacha?”

“Mama, nikizunguka hizi nundu itabidi nikate. Nikikata, maji yana mlango. Huku pembeni weka kamba na jeki.”

Jibu hilo ndilo moyo wa kazi nzima, na linastahili kufafanuliwa. Ukilikunja turubai kuwa trei, kona ya kawaida, ile ya kuingia ndani, hukupa kitambaa cha ziada, nacho unaweza kukikunja bila kukata. Nundu ya gurudumu hufanya kinyume. Kona yake hujitokeza ndani ya buti, na ukingo unaoizunguka unadai kitambaa ambacho hakipo. Lazima upasue, kisha uzibe mwanya kwa kiraka cha gundi. Kiraka kizuri hushika, lakini kinakaa mahali ambapo maji hukusanyika na kreti hugonga. Mstatili unaopita katikati ya nundu una kona nne tu, na zote ni za kukunjwa. Tena mstatili huvutwa nyuma na kutoka moja kwa moja, ilhali trei iliyokumbatia nundu lazima ipindwe na kunyanyuliwa ndipo iachie, na maji humwagika papo hapo.

Kipimo kilichukuliwa kwa katoni zilizounganishwa kwa utepe. Zililazwa sakafuni kuanzia ukingo wa mlango wa nyuma, mstari wa katikati ukiwa umechorwa kwa chaki. Sakafu ya trei ilitoka sentimita 150 kwa 95.

Kona nne bila kukata

Fundi alichagua turubai la lori, lile la nyuzi zilizopakwa PVC pande zote mbili, zito kiasi cha gramu 650 kwa mita ya mraba. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Lino ya sakafu ya nyumba huteleza ikilowa na hupasuka kwenye mikunjo. Raba tupu ni imara na hushika kreti, ila haisimamishi ukingo. Turubai hukunjika mara elfu na halinyonyi maji.

Alilikata likiwa na sentimita 10 za ziada pande tatu, na sentimita 35 upande wa mlango. Kisha akakunja kona. Alisimamisha kingo mbili zinazokutana, akakibana kitambaa kilichobaki kati yake kiwe pembetatu, akakilaza ubavuni mwa ukingo kama mtu anavyofunga karatasi ya zawadi. Hakukata hata uzi. Ncha ya pembetatu ilishikizwa kwa pete ya chuma karibu na ukingo wa juu, kwa sababu tundu lolote, hata la sindano, likiwa chini ya mstari wa maji ni mvujo unaosubiri siku yake.

Kona za upande wa mlango hazikushikizwa moja kwa moja. Zimetiwa pete na kamba fupi. Kamba zikifunguliwa, ukingo wa nyuma hulala na zile sentimita 35 kuning’inia juu ya bampa, hivyo kreti hupita bila kukwaruza rangi. Mzigo ukishaingia, ukingo huinuliwa, kamba hufungwa na mlango hushushwa.

Juu ya turubai kukawekwa raba ya mistari ya milimita 4 ili kreti zisiteleze. Raba ya ukubwa huo huwa na uzito wa kilo 8 hivi. Fundi aliikata vipande viwili, na kila kimoja mtu mmoja hukinyanyua bila msaada. Turubai lenyewe ni kama kilo moja na nusu.

Hesabu ya ukingo

Je, sentimita 10 zinatosha? Tuchukue kreti zimebeba barafu ya kilo 20, na barafu yote iyeyuke na kumwagika. Hizo ni lita 20. Gari likiwa tambarare, maji hayo yakitandazwa kwenye trei ya sentimita 150 kwa 95 yana kina cha sentimita 1.4 tu.

Lakini barabara si tambarare. Homa Bay iko kando ya Ghuba ya Winam, na uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Rongo. Kwenye mpando wa mita 5 kwa kila mita 100, maji yote hukimbilia nyuma na kuwa kabari, yenye kina cha karibu sentimita 4.6 penye mlango. Ongeza mrusho wa matuta na mashimo, na utaona kwamba ukingo wa sentimita 5 ungekuwa wa kubahatisha. Sentimita 10 ni karibu mara mbili ya hitaji, na ndivyo inavyopaswa. Ukingo wa mbele nao una kazi yake, kwa kuwa breki ya ghafla husukuma maji yale yale kuelekea kwenye viti.

Umande wa chini

Hata trei isiyovuja tone huloana kwa chini. Barafu huipoza raba, raba hulipoza turubai, na turubai huipoza sakafu ya buti. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Ikiingia kati ya turubai na bati baridi, unyevu wake hugeuka umande, kama inavyotokea nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande huo hauna pa kukaukia maadamu mkeka umelala juu yake.

Kwa sababu hiyo mkeka uliogandishwa kwa gundi au kukazwa kwa skrubu, hata ukiwa wa bei kubwa, huifanyia sakafu ubaya. Skrubu huongeza ubaya mwingine: kila tundu ni mwanzo wa kutu, na chini ya sakafu ya gari hupita mabomba ya breki na ya mafuta ambayo hakuna anayetaka kuyatoboa. Fundi wetu hakupiga skrubu hata moja. Uzito wa raba ndio unaolishikilia turubai, na mzigo hufungwa kwa kamba kwenye kulabu za gari lenyewe. Mkeka hupunguza kuteleza. Haukusudiwi kuwa mbadala wa kamba.

Matunzo yanafuata mantiki hiyo hiyo. Jioni, mzigo ukishashushwa, raba hutolewa, trei huvutwa na maji yake kumwagwa. Vyote viwili huoshwa kwa sabuni na kuanikwa, na buti huachwa wazi lipigwe na hewa. Kuosha kufanyike mbali na ziwa, kwa kuwa sabuni na uozo wa samaki havistahili kurudishwa kwenye maji tunamovua. Na samaki wenyewe wakae ndani ya kreti safi yenye kifuniko. Mkeka huu umetengenezwa kulinda gari, nao haufai kugusana na chakula.

Upungufu upo. Mfereji wa pembeni ulioachwa nje ya trei hauna kinga, na kreti ikimwagika upande ule, maji yatafika kwenye bati. Ningependa kila upande upate kipande kidogo cha turubai, kisichogandishwa, cha kutoa na kuosha. Ni kazi ndogo, na mabaki ya turubai yangetosha.

Anayetaka kazi kama hii, Migori, Rongo au Homa Bay, asimwulize fundi kama mkeka utajaa buti vizuri. Aulize kona zimekunjwa au zimekatwa, matundu yako juu au chini ya mstari wa maji, na bati limetibiwa au limefunikwa tu. Kisha, kabla ya kulipa, amwage ndoo ya maji kwenye trei, amwombe fundi aivute nje, na apapase sakafu kwa kiganja.